Ishirini na Sita ya Kupikwa

Wanafunzi wananiita Mama Zege, na wanadhani sijui. Najua. Najua pia kwamba nikikaribia mlango wa darasa wale wanaopiga soga hunyamaza ghafla kama redio iliyokatiwa umeme, nami sioni ubaya wowote. Uhandisi si kombolela. Ukikosea sarufi watu watakucheka, ukikosea nguzo watu watazikwa. Maneno hayo nimeyarudia kila muhula tangu nianze kufundisha, na sauti yangu, namshukuru Mungu, haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

Muhula huu niliwapa kazi nyepesi kuliko zote. Vitofali vya zege, pande zake zote sawa, kila upande unatosha kuweka kiganja. Wavitoe kwenye tangi la maji, waviweke kwenye mashine ya maabara, mashine ivikandamize mpaka vipasuke, waandike vimestahimili mzigo kiasi gani, waniletee ripoti. Basi. Ubaoni niliandika kwa herufi kubwa: zege la daraja la ishirini na tano. Maana yake ni rahisi. Kitofali kikipasuka kabla ya kufika ishirini na tano, zege hilo ni bovu. Kikifika hapo au kikizidi, jenga ulale usingizi.

Jambo moja sikuwaambia, nalo ni mahali vitofali vile vilipotoka. Miaka mingine wanafunzi hukoroga zege lao wenyewe kwenye karai nyuma ya maabara. Safari hii vilitoka kwenye shule ya chekechea ya mdogo wangu, mitaa michache nyuma ya chuo. Watoto wake walikuwa wakisomea barazani tangu shule ifunguliwe, jua likihama nao wanahama na viti vyao vya plastiki, wakisubiri vyumba viwili vipya. Dari la vyumba hivyo ni la zege, maana juu yake itapandishwa ghorofa. Lilikuwa limeshamwagwa juu ya miti ya kuliegemeza, vitofali vikatengenezwa kwa zege lile lile, na fundi mkuu alikuwa akingoja neno moja tu kutoka kwangu. Nikisema zege limeshika, anatoa miti na watoto wanaingia. Nikisema halijashika, haingii hata paka.

"Dada, harakisha basi," mdogo wangu alikuwa akinipigia simu. "Jana mvua imetunyeshea, tumejibanza stoo na mafagio."

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu papo hapo. Huyo ndiye mdogo wangu, tangu azaliwe hajakosa la kusema.

Kwa hiyo nilijiona mjanja. Wanafunzi watapata kazi ya kweli, mdogo wangu atapata majibu ya kuaminika, maana kitu kilekile kitapimwa na vikundi vinane. Kikundi kimoja kinaweza kukosea, hata viwili. Vinane vyote vikosee namna moja? Haiwezekani, nilijisemea. Nami sikuwaambia ni vya shule kwa sababu nilitaka wapime bila woga. Siku ya kuvunja nilikuwa kwenye kikao cha idara, tukibishana nani achukue ofisi yenye dirisha. Fundi wa maabara aliwawashia mashine, akawaachia, akaenda kutengeneza bomba lililokuwa likivuja.

Ripoti zikaja. Ishirini na sita. Ishirini na tano nukta nane. Ishirini na sita nukta tatu. Nilizipanga mezani nikatabasamu peke yangu kama bibi harusi. Zilikuwa safi, zina michoro, zina rangi, na zote zimekubaliana. Nikampigia fundi mkuu hapo hapo.

"Limeshika," nikamwambia. "Ishirini na sita."

"Umeviona mwenyewe vikivunjwa, mwalimu?"

Aliuliza taratibu tu, lakini mimi sipendi kushukiwa. Mtu akinishuku hunipanda hasira, na hasira ikipanda mdomo wangu hukimbia mbele yangu.

"Kwa macho yangu haya mawili," nikasema. "Toa miti."

Asubuhi iliyofuata nilipita maabara kuchukua miwani yangu. Mlango wa pale una tabia ya kujibamiza upepo ukivuma, na mimi nachukia kelele nisizozipiga mwenyewe. Nikaangalia huku na huku nitafute cha kuuzuia. Pembeni palikuwa na rundo la vitofali vilivyovunjwa, havijatupwa bado. Nikaokota kipande kikubwa, nikakiweka chini, nikakisogeza kwa kisigino. Upepo ukaja, mlango ukakibana, na kipande kikasagika. Hakikuvunjika vipande viwili au vitatu. Kilisagika, kikamwagika sakafuni kama biskuti iliyokaliwa.

Nikasimama nikikitazama. Nikaokota kingine, nikakikwaruza kwa ufunguo wa ofisi. Ufunguo ukazama. Nikachukua cha tatu, cha nne, nikichagua vile vyenye rangi nyekundu ambayo fundi mkuu alivipaka ubavuni kuwa alama, nisije nikasema nimechanganya. Vyote sawa. Salale! Zege la ishirini na sita hukwaruzi kwa ufunguo, labda ufunguo ndio ukwaruzike. Miwani ilikuwa machoni tayari na sikumbuki niliivaa saa ngapi.

Darasa langu lilikuwa ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi mikono imejaa vumbi, nikaingia bila salamu.

"Kikundi gani kilipata ishirini na sita, au karibu yake?" nikauliza.

Mikono yote ikapanda. Wengine walikuwa wanatabasamu, wakidhani nagawa alama.

"Sasa nasikiliza vizuri. Nani alipata ishirini na sita *kwenye mashine*?"

Mikono ikashuka. Mmoja, mwingine, mwingine, halafu yote. Hakuna aliyenitazama usoni. Mmoja akajikuna kichwa ambacho hakikuwa kinamuwasha.

Kiongozi wa darasa wanamwita Spika, kwa sababu husema kwa niaba ya watu hata wasipomtuma. Akainuka polepole.

"Mwalimu, tulipata. Ila tulirekebisha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, mwalimu."

"Wewe! Kiasi gani?"

"Tulianzia kumi na moja."

"Kutoka kumi na moja mpaka ishirini na sita ndiyo kidogo? Huko si kurekebisha, huko ni kufufua maiti!"

Watu wawili watatu walicheka. Mimi sikucheka, na waliponiona sicheki wakanyamaza.

"Tulipika, mwalimu," Spika akasema, sasa kwa sauti ya chini.

Neno lenyewe nalijua. Nani asiyelijua? Kupika ni kuanza na jibu. Unajua mwalimu anataka ishirini na tano, basi hapo ndipo unapoanzia, unarudi nyuma hatua kwa hatua, unagawanya pale ulipopaswa kuzidisha, mpaka unafika kwenye mashine na kuiambia ilisema nini. Halafu mpishi mzuri haandiki ishirini na tano kamili, hapana. Anaongeza nukta, anaweka makosa madogo madogo ya kuvutia, ili ionekane kazi ya jasho. Hata sisi tulipika enzi zetu. Lakini vikundi vinane, chakula kimoja, na mimi nikala nikalamba sahani!

"Kwa nini?" nikauliza. "Mashine imewaambia kumi na moja. Kwa nini hamkuandika kumi na moja?"

"Tulidhani tumekiweka kitofali upande," akasema mmoja.

"Sisi tulidhani tumeikimbiza mashine."

"Sisi tulidhani tumevitoa majini mapema mno."

Ikawa kama watu wanaungama, kila kikundi na dhambi yake. Na hakuna kikundi kilichomuuliza jirani yake kimepata ngapi, maana kuuliza ni kujionyesha hujui, na kwenye darasa la wahandisi heri uonekane mwizi kuliko uonekane hujui. Wote walikuwa na ukweli mmoja mfukoni, na kila mmoja akaona aibu kuutoa akidhani ni uchafu wake peke yake.

"Ina maana," nikasema, "katika darasa zima hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba zege lenyewe ndilo bovu?"

Kiti kikasogea nyuma kabisa. Alikuwa yule msichana wanayemwita Bubu, si kwa ubaya, ni kwa sababu humaliza muhula mzima hajasema sentensi tatu.

"Mimi niliwaza," akasema.

"Uliwaza ukanyamaza?"

"Hapana, mwalimu. Niliandika. Ripoti yetu ya kwanza ilisema kumi na moja, na chini nikaandika kwamba zege hili lisitumike. Ukaturudishia. Uliandika kwa wino mwekundu, 'Zege gani hili, au ni tope? Rudieni.' Tukarudia na kitofali kilichobaki. Ikatoka kumi na moja tena. Wenzangu wakasema tukikuletea hiyo mara ya pili utatufukuza mbele za watu. Basi tukapika."

Jamani. Mtu akikupiga kofi unajua ushike wapi, shavuni. Mimi sikujua nishike wapi. Nilikumbuka ile ripoti vizuri sana. Nilikumbuka hata nilivyofurahi waliporudi na ishirini na tano nukta tisa, nikajisemea, umeona? Ukali unasaidia, leo nimemtengeneza mtu. Ukweli uliletwa mpaka mezani kwangu, umeandikwa kwa mwandiko mzuri, nami nikaufukuza kama mbwa aliyeingia jikoni. Niliona haya mbele ya yule mtoto, haya ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke.

Lakini haya ingesubiri. Nikawaambia vitofali vimetoka wapi.

Sikuwa nimewahi kuona darasa likibadilika rangi kwa pamoja. Spika alikaa chini bila kuangalia kiti, kidogo akikose. Mtu mmoja akasema "Mungu wangu" na hakuna aliyemwambia anyamaze. Bubu peke yake ndiye aliyebaki amesimama, na yeye ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Miti imeshatolewa?"

Nikapiga simu. Ya fundi mkuu iliita mpaka ikakata. Nikapiga ya mdogo wangu, imezimwa, kwa sababu yeye akiwa na watoto huizima na kuitia kwenye droo, na nimemsifu kwa hilo mara nyingi. Nikatoka. Sikuwaambia wanifuate, lakini niliposhuka ngazi nikasikia vishindo nyuma yangu, darasa zima.

Kukimbia kwenyewe sikusimulii sana. Mimi ni mtu mzima, nina kiuno, na viatu vyangu si vya mbio. Nilivivua kwenye kona ya duka la vioo. Fundi cherehani aliyekaa kibarazani akasimamisha mguu wake kututazama, Mama Zege peku mbele, wanafunzi nyuma. "Mwizi yuko wapi?" akauliza. Angejua mwizi ndiye aliye mbele.

Tulipofika getini nilitafuta watoto kwanza. Walikuwa barazani, kwenye viti vyao, wanapaka rangi. Pumzi ikanirudi nusu. Nusu nyingine haikurudi, kwa sababu niliona mengine. Chumba cha mbele kilikuwa wazi, hakina mti hata mmoja. Miti imelazwa ukutani, imepangwa vizuri, kazi ya mtu nadhifu. Kwenye chumba cha nyuma fundi mkuu alikuwa ameshika nyundo, anagonga mti wa kwanza chini ili alegee. Na juu, juu ya dari lenyewe, vijana wawili walikuwa wakipokea matofali kutoka kwa wenzao waliosimama chini, wanayapanga marundo, tayari kwa kuta za ghorofa.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha hiyo nyundo! Na nyinyi huko juu, shukeni, shukeni sasa hivi!"

Sauti yangu nilishaisifu. Nyundo ikasimama hewani. Watoto barazani wakaacha rangi zao.

"Kuna nini, mwalimu?" fundi mkuu akatoka akijifuta jasho. Ni mtu mpole, mrefu, na penseli haimtoki sikioni.

"Zege ni bovu. Kumi na moja. Rudisha miti yote."

Akanitazama. Akatazama miguu yangu. Akawatazama wanafunzi wanaohema.

"Jana ishirini na sita, leo kumi na moja," akasema. "Kesho itakuwa ngapi, mwalimu? Tunauza mnadani?" Vibarua wakacheka. "Mimi nina watu wa kuwalipa leo. Ulisema umeviona kwa macho yako mawili."

Pale ndipo pagumu. Kusema wanafunzi walipika ilikuwa rahisi, walikuwa nyuma yangu, ningewaelekezea kidole tu na mambo yakaisha. Na ingekuwa kweli. Lakini yeye hakuwauliza wao walifanya nini. Aliniuliza mimi niliona nini. Na kama ningezungukazunguka, angechukua nyundo yake akarudi kazini, na matofali yangeendelea kupanda.

"Sikuviona," nikasema.

"Unasema?"

"Sikuviona vikivunjwa. Nilikuwa kikaoni. Nilikudanganya. Hivi ndivyo vyenyewe," nikamwekea kiganjani kipande nilichokibeba tangu maabara, kina rangi yake nyekundu ubavuni. "Kibonyeze."

Hakutumia nguvu hata kidogo. Alifunga tu vidole. Alipovifungua palikuwa na mchanga. Penseli ikamdondoka sikioni na hakuiokota.

"Shukeni," akawaambia wa juu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Shukeni mmoja mmoja. Msiruke."

Walianza kurudisha miti, chumba cha mbele kwanza. Wanafunzi wangu hawakungoja kutumwa. Spika alivua shati lake jeupe, akashika mti upande mmoja, Bubu upande wa pili, wakauingiza. Fundi mkuu akawa anawaonyesha pa kuusimamisha.

"Siku ya kumwaga vijana walililegeza na maji," akaniambia bila kunitazama. "Zege lilikuwa zito kupandisha. Mimi nilikuwa nimefuata kokoto. Niliporudi niliona limekuwa jepesi, roho ikaniambia si sawa. Nikasema, ah, si vitofali vinakwenda kwa mwalimu? Kama ni baya, mwalimu atasema. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Wanafunzi walinisubiri mimi niwaambie jibu ni ngapi, fundi alinisubiri mimi nimwambie zege likoje, na mimi nilikuwa nimewasubiri wao. Hasira niliitafuta, hata kidogo tu ya kujishikilia, sikuipata.

Mdogo wangu akaja kutoka barazani, mikono imejaa rangi za watoto, anacheka. Hakuwa amesikia lolote isipokuwa kelele zangu, na kelele zangu amezizoea tangu utotoni.

"Leo umeniletea chuo kizima, dada! Karibuni, karibuni. Mbona mnarudisha hiyo miti tena? Jana fundi alitutolea ya chumba cha mbele, sikuweza kungoja, nikawaingiza mchana ule ule. Watoto wote, leo ndiyo ameturudisha barazani apandishe matofali. Ungewaona! Niliwaambia leo tunalifungua darasa letu, tuimbe, turuke mpaka tuchoke. Waliruka, dada, walivyoruka! Vumbi likawa linatudondokea kutoka darini, tii, tii, tii, wakasema mvua imekuja, wakanyoosha mikono kuidaka. Sijacheka hivyo siku nyingi."

Nyuma yangu mtu aliangusha mti. Nadhani alikuwa Spika.

Niliwatazama wale watoto barazani, walikuwa wametugeuzia migongo, wanagombania rangi ya kijani. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga, mbele ya wanafunzi wangu wote, peku, na kilio kikanitoka kwa sauti yangu yote.

"Dada?" mdogo wangu akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega kwa mikono yake yenye rangi. "Dada, nimesema nini kibaya?"